Aliyekwama kwa Pilato

Kama kuna mtu Kariakoo aliyeijua neema ya Mungu kwa maneno, basi ni Mwalimu Severa. Siku za kazi aliuza vitambaa vya mapazia, majora kwa majora, duka la jumla, Mtaa wa Aggrey. Jumamosi saa tisa alifunga duka, akajifunga kitenge chake cha usharika, akaenda nyuma ya kanisa kuwafundisha watu wazima wanaotaka kubatizwa. Miaka ishirini na miwili hiyo! Na kila darasa jipya, Jumamosi ya kwanza, alisimama mbele ya ubao akapiga meza kwa kiganja na kusema: "Nisikilizeni. Hakuna mtu anayeokolewa kwa matendo yake. Hakuna! Ni neema tupu. Wewe kazi yako ni kuamini tu." Watu wakaitikia amina. Halafu amina yenyewe haijapoa, Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio.

Na daftari lile, wee! Ukikosa Jumamosi tatu, umekwisha, tuonane mwakani. Ukiishi na mwenzio bila ndoa, kafunge kwanza. Ukishindwa kuikariri Imani ya Mitume mbele ya wazee wa kanisa, mwanzo mpaka mwisho, bila kudokezwa, tuonane mwakani. Watani wake sokoni walisema malaika Gabrieli mwenyewe akitua pale darasani, Mwalimu Severa atamuuliza barua ya utambulisho kutoka jumuiya yake. Akisikia hivyo alicheka, maana aliona anasifiwa. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Aliamini kwamba kitu cha Mungu hakishikwi kwa mikono michafu, na taratibu, bila kujijua, akawa amejiajiri kazi ya kukagua mikono ya watu.

Sasa huyo Shukuru. Shukuru alikuwa msukuma mkokoteni, mtu wa makamo, mabega mapana, kicheko karibu, kutokea upande wa Masasi. Alilelewa na bibi yake, ambaye hakuwa wa msikiti wala wa kanisa; dini yake ilikuwa kumwaga unga chini na kuwaita waliotangulia. Miaka mingi Shukuru ndiye aliyemtolea Severa majora yake stoo na kuyaleta dukani. Siku moja, ameshusha mzigo, anajifuta jasho kwa shati, akauliza, "Mama, hivi lile darasa lenu, na sisi tulio hivi tunaingia?"

"Wanaingia wote," Severa akasema, na moyo wake ulifurahi kwelikweli.

Akaingia. Mwaka wa kwanza akakosa Jumamosi nyingi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku mizigo inapofika, na asiyekuwepo mzigo unapofika hapati cha kula. Tuonane mwakani. Mwaka wa pili akaja ananuka gongo mpaka dirishani, Severa akamtoa nje kwa kidole, mbele ya wenzake, bila kusema neno. Mwaka wa tatu, jamani, mwaka wa tatu alijitahidi. Hakukosa hata Jumamosi moja. Pombe aliipunguza mpaka wenzake wakamcheka kijiweni. Ikafika siku ya kuhojiwa. Wazee wa kanisa wamekaa mstari, Shukuru amesimama katikati na shati la kuazima, akaanza kuikariri Imani. Akaenda vizuri, akaenda, akafika kwa Pontio Pilato, akakwama.

Akarudi mwanzo. Akaja mbio, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani asipoteze kasi, akafika palepale kwa Pilato, kimya. Mara ya tatu hivyohivyo. Mzee mmoja akajikohoza, akamtazama Severa kwa jicho la kumwombea. Severa akatikisa kichwa. Sheria ni sheria. Leo ukimwachia huyu, kesho utamwambia nini mwingine? Akaandika arudie. Shukuru akasema, "Sawa, Mama," akacheka kidogo, akavua lile shati la watu hapohapo mlangoni ili lisichafuke. Mwaka uliofuata hakujiandikisha, na gongo ikamrudia kwa nguvu zote. Severa aliliona hilo. Akajiambia, mnaona? Hakuwa amekusudia.

Jumatano moja, kama saa tano asubuhi, duka limejaa, akaingia Pius, msukuma mkokoteni mwenzake Shukuru, mikono mitupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mzigo wangu uko wapi?"

"Sijaja na mzigo. Nimekuja kwa ajili ya Shukuru. Amelazwa tangu Ijumaa. Ini limekwisha, Mwalimu. Daktari ametuambia wazi, hii siku ya leo haimalizi." Pius akaisogelea meza ya duka. "Anasema anataka abatizwe. Na anasema uje wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi, wakati Mchungaji yupo?"

"Sasa mimi nitajuaje, Mwalimu? Mimi mwenyewe Mroma."

Severa akaacha mteja anapimiwa kitambaa, akaingia nyuma ya majora kupiga simu. Mchungaji Athanas alikuwa Kigamboni kwenye maziko, na huko kivukoni pantoni lililokuwa likifanya kazi ni moja, foleni imefika barabarani. "Nakuja," Mchungaji akasema kwa sauti ya juu, maana nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Lakini usinisubiri. Ukiona hali mbaya, mbatize."

"Mchungaji, huyu mtu hajahitimu. Mara tatu..."

"Mwalimu. Mbatize."

Simu ikakatika. Kwamba Mkristo yeyote anaweza kubatiza mtu aliye hatarini kufa, hilo alikuwa analifundisha yeye mwenyewe. Lilikuwa hata swali la mtihani, la maksi mbili. Katika miaka yote ile haikumpitia akilini kwamba siku moja ataulizwa swali hilo yeye, na anayeuliza yuko kitandani anakata roho.

Magari yalikuwa hayasogei, akaona miguu ina nafuu. Akakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda hospitali, kwenye jua la utosi, mama wa miaka hamsini na nane na viatu vya dukani, anapishana na watu wenye shughuli zao, na huku woga unampanda. Kwanza aliogopa kwamba atakosea. Alipofika katikati ya uwanja akaogopa kitu kingine. Yule mtu alikuja mwenyewe. Mara tatu alikuja mlangoni kwa miguu yake, mzima, akiomba. Nani alimrudisha? Akifa kabla sijafika, Severa akawaza, nitamwambia nini Mungu, kwamba mtu wako alikosa Jumamosi? Akaanza kukimbia. Watu waligeuka kumtazama. Hakuwa mtu wa kukimbia.

Wodi ya wanaume ilikuwa inanuka dawa na wali maharage, chakula cha mchana ndiyo kinagawiwa. Shukuru alikuwa kitanda cha dirishani. Yale mabega yote yalikuwa yamekwenda, amebaki tumbo lililovimba na macho ya njano, makubwa. Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja, na pembeni yake mkewe, mama wa ushungi aitwaye Maimuna, anamlisha uji kwa kijiko. Shukuru alipomwona Severa akajaribu kujiinua, akashindwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Umekuja." Akapumzika. "Nimefanya mazoezi, Mwalimu. Wiki nzima. Subiri usikie."

Na kabla Severa hajasema lolote, akaanza. Imani ya Mitume, neno kwa neno, kwa sauti iliyokuwa hewa zaidi kuliko sauti. Na Severa, Mungu amsamehe, akafanya alichozoea kufanya miaka ishirini na miwili: akasimama wima, mikono mbele, akasikiliza kama kuna kosa. Shukuru akaenda. Akapumua. Akaenda tena. Akafika kwa Pontio Pilato.

Kimya.

Macho yake yakazunguka darini, yakatafuta. Severa neno alilijua, lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, na hakulitoa, maana hairuhusiwi kudokeza. Shukuru akarudi mwanzo. Sasa pumzi inakata kati ya neno na neno, jasho linamtiririka shingoni, na bado anapanda. Na bado mwalimu amesimama anasubiri.

"Dada," Maimuna akasema. Alikuwa ameshusha kijiko. "Samahani, hayanihusu, mimi ni mtu wa dini yangu. Lakini huyu mtu si anakufa? Wewe unamfanyia mtihani?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali Severa angepata la kujibu, maana ulimi alikuwa nao. Alisema kwa kushangaa tu, kama mtu anayeuliza kwa nini mwenzake amefunga mlango nyumba ikiwa inaungua. Severa akaona aibu ikimwagika kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo. Alijiona jinsi alivyosimama. Akaiona ile mikono yake mbele, ile nyusi yake moja imeinuka. Kumbe ndivyo ninavyokaa! Watu wangapi wameniona nimekaa hivi, wakadhani ndivyo Mungu anavyokaa?

"Acha, Shukuru," akasema. "Acha, baba. Inatosha."

"Bado kidogo, Mwalimu, nalikumbuka..."

"Inatosha." Akapiga magoti kando ya kitanda, kwenye sakafu ya watu wote, kitenge na yote. "Nijibu kitu kimoja tu. Unamwamini Yesu?"

Shukuru akamtazama kama ameulizwa kama anajua jina la mama yake. "Sasa ningekuwa namtafuta miaka yote hiyo kwa sababu gani?"

Severa akageuka kutafuta maji na hakuyaona. Hakuja na kitu. Mtu anayebeba Biblia mbili, vitabu vya nyimbo, daftari, kalamu za rangi mbili, siku yenyewe amekuja mikono mitupu. Maimuna akainama chini ya kitanda cha mumewe, akatoa chupa ya maji ya kunywa, akamimina kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, kile cha uji, baada ya kukisuuza. Akampa kwa mikono miwili. Kisha akavuta ushungi wake vizuri, akakaa.

Severa akakipokea kikombe. Akachota kwa kiganja. "Shukuru, nakubatiza kwa jina la Baba," akammwagia kwenye utosi, "na la Mwana," akachota tena, "na la Roho Mtakatifu." Maji yakateremka kwenye paji la uso, yakaingia kwenye yale macho ya njano, yakashuka mashavuni yakalowesha mto. Na Severa akasema amina, na mzee wa kitanda cha jirani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo ila kwa uji, akaitikia, "Amin."

Wodi haikubadilika. Toroli la chakula lilikuwa linapita linagongana na vitanda, mtu anamwita nesi, nje bodaboda zinapiga honi. Lakini nywele za Severa zilimsimama. Alikuwa ameliona tendo hili mara mia tatu, kwa kinanda, kwa kwaya, kwa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, na kila mara aliangalia kama kila kitu kimekwenda kwa utaratibu. Leo hakukuwa na utaratibu wowote wa kuangalia, na Mungu alikuja. Hakuna neno lingine la kusema, alikuja. Kwenye kikombe cha uji, kwa mtu wa gongo aliyerudishwa mara tatu, Yeye mwenyewe alikuja mzima, hakubakiza kitu nje, wala hakumwomba Severa ruhusa. Severa aliogopa kama mwenye duka aliyefungua stoo yake ya siku zote na kumkuta mfalme amekaa juu ya majora, anamngoja. Na katikati ya ule woga palikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba ilimuuma kifuani.

Shukuru alikuwa anapangusa maji kwa ulimi, yaliyofika mdomoni.

"Ndiyo basi?" akauliza.

"Ndiyo basi."

"Sijafika mwisho lakini. Pale kwa Pilato."

"Hakuna haja ya kufika, Shukuru. Umeshabatizwa. Wewe ni wake sasa, na hakuna wa kukutoa."

Akafikiri. "Na sasa nifanye nini?"

Swali hilo Severa alikuwa na majibu yake, ukurasa mzima. Ahadi, jumuiya, ibada ya Jumatano, kwaya. Akafungua mdomo na ule ukurasa haukuwepo. "Hakuna," akasema. "Hakuna cha kufanya."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Basi Shukuru akacheka. Kicheko kilikuwa chembamba, kinakwaruza, lakini kilikuwa kilekile cha Mtaa wa Aggrey. "Haki ya Mungu," akasema. "Mimi Kariakoo nzima nimeizunguka na mkokoteni, sijawahi kuona kitu cha hivi." Machozi yakachanganyika na maji ya ubatizo, hayakuweza kutenganishwa tena. "Hivihivi! Mtu nimelala tu!"

Severa akaushika mkono wake, mkono mgumu wa kamba na mbao. "Nisamehe," akasema. "Nilikufungia mlango mara tatu. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Si wewe, Mwalimu. Ni Pilato."

Maimuna, ambaye wala hakujua Pilato ni nani, akacheka kwa kuwaona wanacheka, na Severa akacheka na kulia kwa pamoja, bila aibu, pua inamtoka, mbele ya wodi nzima. Haijapata kuonekana.

Kicheko kilipoisha Shukuru alikuwa amechoka sana. Alifumba macho, na Severa akadhani amekwenda, akainama kusikiliza. Hakuwa amekwenda. Alikuwa anawaza.

"Mwalimu."

"Naam, Shukuru."

"Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Ulipewa hivihivi? Kama mimi?"

Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua tu, halina mtego. Lakini lilimwendea Severa mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumfikia. Akaanza kujibu na mambo yake yote yakamjia kwa pamoja, yamebebana: miaka ishirini na miwili ya darasa, mabati ya kanisa aliyoyachangisha yeye, wagonjwa aliowapikia, misiba aliyolala chini, mfungo, zaka, mume aliyemuuguza miaka sita bila kulalamika hata siku moja. Yote ya kweli. Yote mazuri. Akayatazama yalivyosimama foleni, akayasubiri yaseme neno mbele ya kile alichokiona sasa hivi kwenye kikombe cha bluu, na hakuna hata moja lililothubutu. Akagundua kwamba maisha yake yote alikuwa amesimama nje ya mlango na ushahidi wake mkononi, anasubiri aitwe, na mlango haukuwa umefungwa.

"Na mimi," akasema. "Na mimi, Shukuru. Hivihivi."

Shukuru akafumbua macho. Akamtazama mama huyu aliyempigia magoti, na usoni mwake haukubaki ule unyenyekevu wa mbeba mzigo kwa mwenye duka. Alimtazama kwa upole wa mwenye nyumba, aliyetangulia kuingia na sasa amegeuka kumwona mgeni wake bado yuko kizingitini, anaona haya.

"Basi karibu," akasema. "Karibu ndani, dada yangu."

Dada. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, wala asingethubutu. Kifua cha Shukuru kikapanda mara moja, kikashuka, hakikupanda tena. Maimuna akasimama pole pole kutoka kwenye kiti chake.

Severa hakuuachia ule mkono. "Asante, kaka," akamjibu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyefika ugenini jioni na kupokelewa. "Nimekaribia."